Mwanangu, waambie kabla hawajakuuliza

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nisalimie mkwe wangu na wajukuu. Juzi nilikata simu mapema, lakini si kwa hasira. Mazungumzo yale hayasemeki watoto wakiwa pembeni wanasikia kila neno. Ndiyo maana nakuandikia, na usome ukiwa peke yako.

Uliniambia kwamba nikaha yenu ni ya msikitini tu, haikuandikishwa, kwa hiyo mbele ya serikali wewe bado ni mama anayelea peke yake. Aliyekupa elimu hiyo amekupoteza. Universal Credit, hii benefiti ya serikali ya Uingereza ya kuwasaidia wenye kipato kidogo, haiombi cheti cha ndoa. Inachoangalia ni mnavyoishi: mko nyumba moja, matumizi yenu ni ya pamoja, watu wanawajua kuwa ni mume na mke? Kama ndivyo, mnatakiwa mdai pamoja na mshahara wake uhesabiwe na wako. Hata wanaoishi pamoja bila ndoa ya aina yoyote wanahesabiwa hivyo hivyo. Tangu siku mumeo alipoingiza mabegi yake ndani, kila mwezi unaolipwa kama huna mwenza unakuongezea deni. Na lile punguzo la asilimia 25 kwenye kodi ya halmashauri, la mtu mzima anayeishi peke yake, nalo si lako tena.

Siri za watu ninaowafanyia ukalimani sizitoi, hata kwako. Lakini nimekaa vya kutosha kwenye vyumba vile vya mahojiano ya benefiti kuweza kukwambia ni watu gani huwa wanaitwa. Mwaka 2024 walihukumiwa London Wabulgaria watano waliochota zaidi ya pauni milioni 50 kwa madai ya uongo. Hao ni wezi, na gazeti likikuonyesha sura zao unajisemea kwamba mambo hayo hayakuhusu. Ninaowatafsiria mimi ni akina mama wa makamo, vijana wa ghala, mzee anayefanya usafi usiku. Wengi dai lao la mwanzo lilikuwa la kweli tupu. Maisha yakabadilika, wao wakanyamaza. Mwezi wa kwanza waliogopa kusema, na kufika wa sita wakawa wanaogopa kuulizwa kwa nini hawakusema mapema.

Usidhani hawatajua. Mumeo ni dereva wa basi, mwajiriwa. Kila anapolipwa, mwajiri wake anapeleka hesabu HMRC, yaani mamlaka ya kodi. Leseni yake, mkataba wa simu yake, bima ya gari, barua za benki, vyote vimeandikwa anwani yako. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imewapa DWP, yaani Wizara ya Kazi na Pensheni, uwezo wa kuzitaka benki ziwaonyeshe akaunti zinazopokea malipo hayo na zenye dalili za kuvunja masharti. Na kuna simu ya kuripoti bila kutaja jina. Nani atapiga? Mimi simtaji mtu, lakini unajua harusi yako iliacha vinyongo vingapi.

Kinachokutisha ni jela. Ipo. Kwa kosa la kudanganya makusudi, sheria ya benefiti ya 1992 inaruhusu hadi miaka saba, ingawa wengi hawafiki huko. Mimi naogopa zaidi hayo mengine yasiyoandikwa magazetini. Kwanza watadai pesa zote ulizozidishiwa. Universal Credit iliyozidi hudaiwa hata kama kosa lilikuwa la ofisi yenyewe, sembuse lako. Wakiona ulizembea tu, wanaongeza faini ya pauni 50. Wakiona kuna udanganyifu, wanaweza kukupa adhabu badala ya kukupeleka mahakamani: nusu ya deni juu ya deni lenyewe, isiyopungua pauni 350 wala kuzidi 5,000. Ukiacha benefiti ukaajiriwa, wanamwandikia mwajiri wako akate mshahara, na hawahitaji amri ya hakimu. Hebu fikiria mwajiri wako mpya anavyokujua kwa mara ya kwanza kupitia barua hiyo.

Nawe unataka kuanza uuguzi, na unataka kuomba uraia. Hatia ya kutokuwa mwaminifu hutokea kwenye hati ya uhalifu wanayoikagua kabla hawajakuruhusu kumgusa mgonjwa. Kwenye uraia, Home Office, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani, inapima tabia njema, na kuidanganya serikali ili ulipwe ni katika mambo wanayoyatafuta. Yote hayo kwa ajili ya pesa ambayo labda sehemu yake ingekuwa halali yenu! Umewahi kupiga hesabu? Mkidai pamoja, hawaiondoi yote eti kwa sababu mumeo ana kazi. Wenye watoto huachiwa kwanza sehemu ya mshahara isiyoguswa, kisha kila pauni inayozidi hapo inapunguza peni 55. Kwa mshahara wa dereva mwenye watoto na kodi ya nyumba, huenda bado mkapata kitu. Unaficha bila hata kujua unaficha nini.

Sikwambii haya kwa kuwa naiona serikali kama malaika. Uholanzi, mamlaka ya kodi iliwageuza maelfu ya wazazi kuwa matapeli kwa sababu ya saini iliyokosekana au uraia wa nchi mbili, ikawadai ruzuku yote ya malezi ya watoto, nyumba zikavunjika. Januari 2021 serikali nzima ya waziri mkuu Rutte ilijiuzulu kwa jambo hilo. Hapa Uingereza, wanaowahudumia wagonjwa wao nyumbani na kulipwa Carer's Allowance walikuwa wakivuka kiwango cha mapato, pauni 151 kwa wiki, hata kwa peni moja, wanapoteza posho ya wiki nzima. Ofisi ilikuwa na taarifa za mishahara yao, ikaacha madeni yakue miaka. Aprili 2025 kiwango kikapandishwa hadi 196, lakini waliokwishadaiwa walishaumia. Kwa hiyo ukiripoti, weka ushahidi. Piga picha ya kila unachoandika, na tarehe ionekane.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo nina hakika hujayafikiria, maana wenzetu wengi hawayafikirii. La kwanza ni safari. Mnapanga kwenda Unguja likizo ya skuli, wiki zote sita. Universal Credit inakuruhusu kuwa nje ya nchi mwezi mmoja tu, na lazima uwaarifu. Mwezi wa pili ni kwa aliyefiwa na mtu wa karibu sana. Harusi ya binamu haimo.

La pili ni mchezo, huu wa upatu. Wewe ndiye mshika pesa wa kina mama kumi na kitu, na zote zinapita akaunti yako. Wewe na mimi tunajua si zako, lakini afisa anaona salio tu. Akiba ikizidi pauni 6,000 malipo yanaanza kupungua, na ikipita 16,000 haki inaondoka kabisa. Utamweleza mchezo ni nini, atakuuliza mkataba uko wapi, nawe utamwonyesha daftari lenye majina ya "Mama Fulani" na alama za vema.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Leo usiku ingia kwenye akaunti yako ya Universal Credit, ripoti mabadiliko, na uandike tarehe ya kweli aliyohamia mumeo. Usiirudishe nyuma wala usiisogeze mbele. Kesho ipigie halmashauri kuhusu lile punguzo. Kisha nenda Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, ni bure, wakusaidie kupanga namna ya kulipa ili wasikukate ukabaki huna cha kuwalisha watoto. Aliyejisema mwenyewe hasamehewi deni, lakini ni vigumu zaidi kumwita tapeli.

Ikitokea barua ya kukuita kwenye mahojiano yenye onyo la kisheria, usiende peke yako na usiende kupiga soga. Yanarekodiwa na yanaweza kupelekwa mahakamani. Tafuta wakili kwanza. Na usinitaje mimi kama mkalimani wako, mama hawezi kumtafsiria mwanawe.

Jumamosi nitakuja kukaa na watoto. Mkwe wangu aje na hati zake za mshahara tupige hesabu pamoja. Na mchezo wa mwezi ujao ashike dada yako, yeye hana benefiti.

Mamako