Jengo la kiwanda lilindwe tangu siku linapoanza kuchunguzwa

Kwa Mhariri,

Kila mjadala wa kuhifadhi majengo ya zamani unapozuka kwetu Afrika Mashariki, watu hutaja ngome, misikiti, makanisa na afisi za enzi ya ukoloni, lakini viwanda havitajwi, kana kwamba mahali walipotoa jasho maelfu ya watu si sehemu ya historia. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze yaliyokipata kimoja cha viwanda mashuhuri vya London, kiwanda cha matairi cha Firestone kilichokuwa Brentford, kwa sababu kisa chake kinaonyesha wazi pengo ambalo jengo hupotelea: zile siku chache kati ya serikali kukubali kwamba jengo lina thamani na waziri kutia saini.

Barabara ya Great West Road, inayotoka London kuelekea magharibi, ilifunguliwa na Mfalme George wa Tano mwaka 1925. Ilipita katikati ya mashamba ya mboga na matunda, na haikuchukua muda kabla kampuni kubwa kuanza kununua ardhi kandokando yake. Harvey Firestone, tajiri wa Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, alikuwa tayari amejiingiza katika bara letu. Mwaka 1926 kampuni yake ilipata mkataba wa kukodi hadi ekari milioni moja za ardhi nchini Liberia kwa miaka 99, ili ipande mpira wake yenyewe na isitegemee mashamba yaliyokuwa chini ya Waingereza barani Asia. Mwaka uliofuata Uingereza ilianza kutoza ushuru matairi yaliyotoka nje, na kwa kampuni ya kigeni iliyotaka kuuza huko, njia iliyobaki ilikuwa kutengenezea bidhaa yake papo hapo. Kiwanda cha Brentford kilifunguliwa mwaka 1928.

Kazi ya kukichora ilipewa kampuni ya Wallis, Gilbert and Partners, iliyoongozwa na Thomas Wallis. Mitambo iliwekwa nyuma, ndani ya mabanda ya kawaida, lakini sehemu ya mbele iliyokuwa na afisi ilipambwa kama kasri. Ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye safu ya nguzo zilizosimama mbele ya madirisha, na mlango mkuu ulizungushiwa vigae vya rangi vilivyofuata nakshi za Misri ya kale. Kaburi la Tutankhamun lilikuwa limegunduliwa mwaka 1922, na Ulaya nzima ilikuwa bado imeshikwa na mapenzi ya mambo ya Misri. Jengo halikuwekwa ukingoni mwa barabara bali liliingizwa ndani, nyuma ya bustani ya nyasi na uzio wa chuma, ili anayepita ndani ya gari apate nafasi ya kuliona lote. Lilikuwa tangazo la biashara, sikatai. Hata hivyo, wanaume na wanawake walioingia humo alfajiri kwenda kuchanganya mpira na kuunda matairi katika joto na harufu kali walipita kila siku mbele ya kitu kilichojengwa kwa uangalifu na kwa fahari, na hilo kwangu si jambo dogo.

Wasomi wa usanifu hawakuyapenda majengo ya namna hiyo. Kwa miongo kadhaa waliyaona kuwa mapambo matupu ya wafanyabiashara, yasiyostahili kutajwa pamoja na makanisa na majumba ya makabaila. Nadhani dharau hiyo ndiyo iliyoliua jengo la Firestone kabla hata ya tingatinga kufika, kwa maana uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa mwaka 1980 na takriban watu 1,500 wakapoteza kazi, jengo lilikuwa na umri wa miaka 52 tu na halikuwa limeingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa. Chama kilichoanzishwa mwaka 1979 kutetea majengo ya miaka ya thelathini, Thirties Society, ndicho kilichopaza sauti. Maafisa wa wizara walikubali hoja, wakaanza kutayarisha hati za kuliorodhesha.

Mmiliki mpya, kampuni ya Trafalgar House, alijua kwamba hatua hiyo iko njiani. Mwishoni mwa Agosti 1980 ilikuja wikendi ndefu ambayo Jumatatu yake ni mapumziko ya umma, afisi za serikali zikafungwa, na hati zikabaki zikisubiri saini. Katika siku hizo za mapumziko mashine ziliingia na kuibomoa sehemu ya mbele, ile hasa ambayo hati zilikusudia kuilinda. Afisi zilipofunguliwa tena, hapakuwa na kitu cha kuorodhesha. Wala mmiliki hakuwa amevunja sheria yoyote, kwa kuwa jengo lisilo katika orodha halikuhitaji kibali cha aina hiyo ili libomolewe. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote katika kisa hiki: sheria ilifuatwa, na jengo likatoweka.

Hasira ya umma ilikuwa kubwa. Katika miezi iliyofuata waziri aliyehusika, Michael Heseltine, aliharakisha kuorodheshwa kwa majengo yapatayo 150 yaliyojengwa kati ya vita viwili vya dunia, miongoni mwao kituo cha umeme cha Battersea na jengo la Hoover, kiwanda cha mashine za kufyonza vumbi kilichokuwa Perivale, magharibi mwa London, kazi ya Wallis yuleyule. Hoover nalo lilikoma kuwa kiwanda mwaka 1982, lakini kwa kuwa lilikuwa limelindwa, halikubomolewa. Tangu mwaka 1992 lina duka kubwa la Tesco kwa nyuma, na siku hizi watu wanaishi katika nyumba zilizotengenezwa ndani ya jengo la mbele. Natoa mfano huu kwa wanaosema kwamba kuhifadhi kiwanda ni kuufungia mji maendeleo. Jengo moja lililindwa na leo lina biashara, kodi na wakazi. Lingine halikulindwa, na kilichobaki ni malango, nguzo na uzio wake wa chuma, ambavyo viliorodheshwa mwaka 2001. Mimi ninayeishi magharibi mwa London huvipita mara nyingi nikienda kazini, na sioni kwamba uokovu wa Hoover unafuta hasara ya Firestone. Haikuwa lazima jengo zuri livunjwe ndipo serikali izinduke.

Dawa ya pengo hilo inajulikana. Wales iliiandika katika sheria yake ya mazingira ya kihistoria ya mwaka 2016: mwenye jengo akishaarifiwa kwamba jengo lake linafikiriwa kuorodheshwa, jengo hilo huanza kulindwa hapo hapo kama kwamba limekwisha kuorodheshwa, hadi uamuzi utolewe. Mwenye mali anabaki na haki ya kupinga, na uamuzi ukimwendea vizuri anaachiliwa aendelee na shughuli zake. Anachonyimwa ni ile nafasi ya kukimbizana na kalamu ya waziri.

Kwetu hatua hii inahitajika zaidi. Tanzania Bara bado inategemea sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, inayochukua mwaka 1863 kuwa mpaka wa majengo yanayohesabiwa moja kwa moja kuwa ya kale. Kiwanda cha pamba, cha katani au cha sukari kitaangukia nje ya mpaka huo, kisubiri tangazo la waziri. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali na inawapa wenye pingamizi muda wa kujieleza, utaratibu wa haki kabisa, ila muda wa kusubiri ndio muda ambao Trafalgar House iliutumia. Firestone yenyewe ilikuja Nairobi mwaka 1969, na kampuni ile, ambayo baadaye iliitwa Sameer Africa na ambayo wasomaji wengi wataikumbuka kwa matairi ya Yana, iliacha kutengeneza matairi nchini mwaka 2016. Kizazi kizima cha viwanda vilivyojengwa mara baada ya uhuru kimefikia au kupita umri wa kiwanda cha Brentford kilipobomolewa, yaani miaka hamsini na kitu, na wakati huo huo bei ya ardhi katika miji yetu inapanda.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu wapitishe kifungu kimoja kinachosema wazi kwamba ulinzi unaanza siku notisi inapomfikia mwenye jengo. Nazo serikali za kaunti na halmashauri za miji zianze sasa kuviorodhesha viwanda vyao, zikiwashirikisha waliofanya kazi humo, maana wengi wao bado wako hai na wanajua kila chumba kilikuwa cha kazi gani.

Wako,
Msomaji, Brentford, London