Tashtiti ya mapinduzi ifundishwe pamoja na historia yake

Mhariri,

Tangu wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walipoimba wimbo wa taifa mjini Nakuru mnamo Aprili 2025 na kuondoka jukwaani bila kuigiza tamthilia yao, siku ambayo polisi walirusha vitoa machozi katika uwanja wa tamasha la drama, mjadala wetu kuhusu tashtiti ya kisiasa umekwama katika swali moja, yaani iwapo vijana waruhusiwe kuwakejeli watawala. Swali hilo Mahakama Kuu ilikwisha kulijibu kwa kuagiza maonyesho yaruhusiwe, mwaka 2013 na tena 2025, na mara zote mbili ilikuwa tamthilia ya shule hiyohiyo iliyozuiwa. Naunga mkono majibu hayo kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, kuna jambo la pili ambalo sisi walimu tumelikwepa, nalo ni namna tunavyoifundisha tashtiti yenyewe, hasa ile inayohusu wanamapinduzi wanaogeukiana baada ya ushindi.

Chukua riwaya ya George Orwell iliyochapishwa Uingereza mnamo Agosti 1945, baada ya wachapishaji kadhaa kuikataa wakiogopa kuiudhi Urusi iliyokuwa mshirika wao vitani, na ambayo wengi wetu tuliisoma kama Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Darasani kwangu sehemu inayopendwa zaidi ni ile ya Snowball na Napoleon, nguruwe wawili wanaoongoza mapinduzi ya wanyama shambani, kugombania kinu cha upepo. Kijana anayeigiza Snowball huhutubia akiwa amesimama juu ya dawati, hoja zake zinaanza kuwavutia wenzake, kisha Napoleon anatoa mlio na mbwa tisa wanaingia mbio kutoka mlangoni. Snowball anaruka dirisha, darasa zima linacheka. Nikiuliza kwa nini alishindwa, jibu huwa moja: ni mbwa.

Jibu hilo ni sahihi kwa riwaya, lakini kwa historia ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye manufaa kwa raia. Trotsky, mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Urusi ya 1917 ambaye Snowball anamwakilisha, alishindwa ndani ya vikao muda mrefu kabla ya kuandamwa na askari. Mnamo Aprili 1922 mpinzani wake Stalin, ambaye Napoleon anamwakilisha, alifanywa Katibu Mkuu wa chama cha Kikomunisti, wadhifa ambao wenzake waliokuwa na majina makubwa waliuchukulia kuwa kazi ya makabrasha. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiamua nani atumwe kukiongoza chama katika mkoa upi, na viongozi hao wa mikoa nao walikuwa na usemi mkubwa kuhusu nani aende kupiga kura katika kongamano. Lenin, kiongozi mkuu wa mapinduzi hayo, akiwa mgonjwa kitandani, aliliona jambo hilo, na katika nyongeza ya wosia wake aliyoimla tarehe 4 Januari 1923 akapendekeza Stalin aondolewe katika wadhifa huo. Alifariki Januari 1924. Mei mwaka huo wosia ulisomewa wajumbe faraghani, kundi baada ya kundi, ukawekwa kando bila kuchapishwa. Zinoviev na Kamenev, viongozi wenzao wa chama waliomhofia Trotsky zaidi, ndio waliosimama kumtetea Stalin, na Trotsky mwenyewe, msemaji hodari kuliko wote, akanyamaza. Alifukuzwa chamani mwaka 1927, akafukuzwa nchini 1929, akauawa Mexico mwaka 1940. Zinoviev na Kamenev walipigwa risasi Agosti 1936.

Ninaieleza kwa urefu kwa sababu kila hatua kati ya hizo ilikuwa na watu waliokaa mezani wakiwa na uwezo wa kusema hapana. Wakati huo wote ndio ambao tashtiti huubana, kwa kuwa jukwaa lina saa moja tu. Filamu ya vichekesho ya mwaka 2017 kuhusu kifo cha Stalin, ambayo serikali ya Urusi iliifutia kibali Januari 2018, inaonyesha vizuri mno jinsi wajumbe wa kamati wanavyopepesa macho kuangalia nani ameinua mkono kabla nao hawajainua wao. Katika hilo naiona inakaribia ukweli kuliko kazi nyingi. Lakini hata hiyo inamkamata Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, na kumuua kwa siku moja, ilhali alikamatwa Juni 1953 na kuuawa Desemba. Simlaumu msanii kwa kufupisha. Tunaopaswa kurudisha miezi iliyokatwa ni sisi tunaosoma na kufundisha.

Wakazi wa Kisumu hatuhitaji kusafiri hadi Moscow ili kulielewa hili. Hospitali yetu kuu, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na hadi sasa ukimwambia mtu wa boda boda akupeleke Russia atakufikisha langoni pake bila kuuliza zaidi. Tarehe 25 Oktoba 1969, Mzee Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua, majibizano makali kati yake na Jaramogi yaliishia katika milio ya risasi na vifo vya raia. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani alichokiongoza Jaramogi, kilipigwa marufuku, na Jaramogi akatiwa kizuizini. Wanafunzi wangu wote wanaijua siku hiyo, kwa maana imesimuliwa nyumbani kwao. Ni wachache mno wanaojua kilichotokea Limuru mnamo Machi 1966, ambako mkutano wa KANU, chama tawala, ulikivunja cheo cha makamu wa rais wa chama alichokishikilia Jaramogi na kuweka badala yake makamu wanane, kila mkoa wake pamoja na Nairobi. Aprili alijiuzulu serikalini, na wabunge walipoanza kumfuata Bunge likaharakisha kubadilisha katiba ili kila aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Risasi za 1969 zilikuja baada ya hayo yote kukamilika kwa kura, kwa mihuri na kwa makofi.

Hofu yangu kubwa ni kwamba kijana anayefundishwa mbwa peke yake hutoka darasani akiamini kuwa kila anayepigania haki atageuka nguruwe, na kwamba hakuna lililowezekana kufanywa. Nimelisikia wazo hili likitamkwa na vijana werevu baada ya maandamano ya Juni 2024, nalo liliniumiza, kwa kuwa wanalitamka kama somo walilolipata kutoka kwetu.

Nawaomba walimu wenzangu wa fasihi tukae na wa historia kabla ya muhula kuanza, ili siku mwanafunzi anapoigiza kufukuzwa kwa Snowball awe amesoma pia mkutano wa chama ulivyoendeshwa, nani aliandika ajenda na nani alihesabu kura. Nawaomba waandishi wa tamthilia za tamasha, ambao ujasiri wao nauheshimu, wathubutu kutuandikia onyesho zima la kikao, lenye mwenyekiti, karani na wajumbe wanaonyamaza. Nalo gazeti lako, Mhariri, kwa kuwa kurasa zake za elimu zinasomwa hadi vijijini Butere na Nyakach, lingetufaa sana likichapisha masimulizi ya wazee waliohudhuria mkutano wa Limuru au kuufuatilia, maana wanazidi kupungua.

Mwalimu wa fasihi,
Kisumu