Salum, Rangi ya Maji Iache Kwanza

Arusha, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salum,

Ama baada ya salamu, huku sote hatujambo, hofu ni kwako wewe na joto la Dar. Orodha yako ya kompyuta ya kupozwa kwa maji nimeipata na nimeisoma mara mbili: prosesa Ryzen 9 9950X3D, kadi ya picha RTX 5090, rejeta mbili za milimita 360, mirija migumu inayong'aa kama kioo, na maji meupe kama maziwa. Kwenye prosesa na kadi sina ugomvi nawe. Kwa magemu na kwa kurenda (kugeuza michoro kuwa picha kamili) hayo majengo yako, GB 32 za kumbukumbu ya kadi zitakufaa. RAM tu ndiyo ningebadilisha: chukua vijiti viwili vya GB 48, usichukue vinne vya GB 24. Ubao mama wa AM5 (ndio unaopokea prosesa hiyo) ukijazwa vijiti vinne, kasi ya RAM hushuka sana, na kuirudisha juu ni kubembelezana na BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao) kila siku.

Upande wa maji ndio wenye kasoro, na kasoro yenyewe inaanzia chumbani mwako, haianzii dukani.

Piga hesabu nami. Kadi hiyo inakula mpaka wati 575. Prosesa imeandikiwa wati 170, lakini ubao ukiiachia hufika 230. Jumla wati 805, na karibu zote zinaingia majini. Maji hayaumbi baridi, Salum. Yanabeba joto kutoka kwenye kadi na prosesa, yanalipeleka kwenye rejeta, na rejeta inalitupa kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo hata ukinunua rejeta za dunia nzima. Kwa makisio ya kawaida, rejeta moja ya 360 yenye feni nzuri za mizunguko 1,000 hadi 1,300 kwa dakika hutoa wati 220 hivi maji yakiwa nyuzi 10 juu ya hewa. Rejeta zako mbili zitatoa wati 440 kwa tofauti hiyo, hivyo ili zitoe wati 805 lazima tofauti ipande mpaka nyuzi 18. Chumba chako mchana kikiwa nyuzi 32, maji yatafika 50. Kompyuta haitakufa, lakini feni zitapiga kelele kama jenereta la jirani, na pampu ya D5 inayozungusha maji imewekewa kikomo cha maji ya nyuzi 60, kwa hiyo hapo unakuwa unaukaribia ukuta.

Weka rejeta tatu. Tofauti inashuka mpaka nyuzi 12 hivi, na maji yanakuwa 44. Ukiwasha AC na chumba kikabaki 26, maji yanakuwa 38, na hapo unafanya kazi kwa raha. Lakini hiyo AC nayo ina hesabu yake: kilowati moja ya joto ni kama BTU 3,400 kwa saa, kwa hiyo AC ya BTU 9,000 itatumia zaidi ya theluthi ya nguvu yake kuihudumia kompyuta peke yake, kabla hujaingia wewe na jua la dirishani. Kwa chumba chako nenda kwenye 12,000.

Ni kweli kwamba kadi na prosesa hazifiki kileleni pamoja kila saa. Ukirenda kwa kadi, prosesa inapumzika, na kwenye magemu prosesa hiyo haigusi wati 230. Hata hivyo pangilia kwa ajili ya siku mbaya. Kuna na njia ya mkato ambayo haina gharama: punguza kikomo cha umeme wa kadi mpaka asilimia 80, yaani wati 460. Kasi inapungua kidogo, joto linapungua kwa wati 115. Mtu anayeishi pwani angefanya hivyo siku ya kwanza.

Prosesa usiihukumu kwa namba zake. Inaruhusiwa kufika nyuzi 95, na ikipewa wati zote itapanda hadi 80 na zaidi hata ukiichovya baharini, kwa sababu joto linakwama kwenye kifuniko chake kabla halijayafikia maji. Kipimo chako kiwe joto la maji. Nunua kihisi cha joto kinachofungwa kwenye fitingi (kiungio cha mirija), kiunganishe na ubao (hakikisha una pini mbili za kihisi, si kila ubao unazo), kisha feni ziendeshwe kwa namba hiyo. Kwa Dar ningeanza hivi: maji chini ya nyuzi 36, mizunguko 600, nyuzi 42, mizunguko 1,200, nyuzi 46, feni zote kwa nguvu zote, nyuzi 55, kompyuta ijizime. Usinakili mipangilio ya watu wa Ulaya inayozipandisha feni kuanzia nyuzi 30. Kwako feni zitakuwa juu hata kompyuta haifanyi kitu.

Sasa ununuzi. Kadi itangulie, halafu bloku yake ya maji (kipande cha shaba kinachokaa juu ya kiini chake na kupitisha maji), na keisi iwe ya mwisho. Wengi huanza na keisi kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha wanakuta bloku haiingii. Bloku hutengenezwa kwa umbo la ubao wa kadi fulani. "RTX 5090" peke yake haitoshi; unahitaji jina kamili la toleo lililoandikwa kwenye boksi, na ulilinganishe na orodha ya mtengenezaji wa bloku. Muulize pia muuzaji wa kadi kama dhamana inabaki ukitoa kipozeo chake cha asili.

Siku ya kufunga bloku hiyo, padi za joto ndizo zinazowaumbua watu. Maelekezo yakisema milimita 1 kwenye chipu za kumbukumbu, weka milimita 1. Ukiweka 1.5 kwa nia njema, bloku inainuliwa, kiini cha kadi hakigusani na shaba sawasawa, na kadi inapanda nyuzi 90 ndani ya dakika moja huku maji yako yakiwa baridi. Dalili ni hiyohiyo: maji baridi, kiini cha moto. Ukiiona, fungua na uangalie alama ya pesti ya joto. Skrubu kaza kwa msalaba, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko.

Rejeta ziwe za shaba. Zile za bei ya kutupa mara nyingi ni za alumini, na alumini ikikutana na shaba ndani ya maji yale yale, alumini inaliwa. Baada ya miezi unaona unga mweupe, kisha tundu. Uliza kabla ya kulipa, na ukishaipata ipime mkononi, ya shaba ni nzito.

Mirija migumu na maji ya maziwa, hapo tutakosana. Maji yale yana chembe zinazoelea; zikituama zinaziba vijia vya bloku, ambavyo ni vyembamba kuliko unene wa kadi ya simu. Mirija migumu ni mizuri kwa picha, ila siku ukitaka kubadilisha SSD iliyo chini ya kadi utaikunja upya au utaivunja. Tena PETG, plastiki ya mirija hiyo, huanza kulegea karibu na nyuzi 60. Chukua mpira mweusi wa EPDM, ndani milimita 10, nje 16, mita tatu. Mpira laini wa kung'aa nao uuache: hutoa ute unaogeuka utando mweupe kwenye bloku.

Maji yenyewe, nunua dawa ya kupozea iliyokolezwa, ile chupa ya mililita 100 inayochanganywa na mililita 900 za maji yaliyotoneshwa. Kuisafirisha ni rahisi kuliko lita nzima. Mzunguko wako utameza lita moja na kitu, basi chukua chupa mbili. Maji yaliyotoneshwa yapo, lakini angalia sana: kwenye vituo vya mafuta ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Soma chupa. Nunua lita 10, kwa sababu nyingi zitaishia kwenye kuosha. Rejeta mpya hutoka kiwandani na mabaki ya risasi na dawa ya kuchomelea. Tia maji ya moto yaliyotoneshwa nusu ya rejeta, ziba, tikisa dakika mbili, mwaga juu ya kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kisishike hata chembe.

Fitingi: matundu ya mzunguko wako ni 12 (rejeta tatu zina sita, bloku mbili zina manne, tenki lenye pampu lina mawili). Nunua 14, elbo sita, na koki moja ya kumwagia. Koki iwe sehemu ya chini kabisa. Baadhi ya rejeta zina tundu la ziada linaloifaa. Kila fitingi ina oringi yake (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja). Ilowanishe kwa tone la maji, funga kwa vidole, na ikigusa ongeza kidogo tu. Koleo usiliguse, bloku za akriliki hupasuka kwenye nyuzi za skrubu.

Mpira ukate wima kabisa kwa kikatio. Mkato wa mshazari unaonekana umeingia, kumbe upande mmoja umeng'ang'ania milimita mbili tu. Chovya ncha kwenye maji ya moto kwa dakika moja, usukume mpaka uguse mwisho, ndipo ufunge pete.

Kabla ya tone la kwanza, jaribu kwa hewa. Kuna pampu ndogo ya mkono yenye geji. Jaza bar 0.5, ngoja nusu saa. Sindano isishuke. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio kilicho nje ya keisi, na vya ndani vikaze kimoja kimoja ukijaribu tena.

Kujaza ni kazi ya subira. Chomoa nyaya zote za ubao, prosesa na kadi, pampu peke yake ibaki na umeme. Pawa saplai iwashe kwa kiziba cha kuanzishia chenye pini 24. Zamani watu walitumia kipande cha waya kwenye waya wa kijani, lakini siku hizi nyaya zote ni nyeusi na kukosea tundu ni rahisi. Jaza tenki, washa sekunde tano, zima kabla maji ya tenki hayajashuka mpaka kwenye mdomo wa pampu, jaza tena. Pampu ya D5 inalainishwa na maji hayo hayo, ikizunguka kavu inajila. Maji yakishazunguka, inamisha keisi mbele, nyuma, kushoto, kulia, utasikia rejeta ikikoroma hewa inapotoka. Tandika tishu chini ya kila kiungio na uache pampu izunguke saa 24. Tishu zikiwa kavu kesho yake, unganisha umeme wote.

Plagi ya umeme ya kadi isukume mpaka ikae kabisa, na waya usiukunje karibu na mdomo wake; plagi iliyokaa nusunusu ndiyo inayoyeyuka. Pawa saplai iwe ya wati 1,200 ya ATX 3.1 (toleo la kiwango cha pawa saplai), na utumie waya wake mwenyewe. Ukutani utavuta karibu kilowati moja ukiwa kwenye kazi nzito, yaani unit moja ya Luku kila saa, AC mbali. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 1,500 haitoshi. Tafuta yenye wati halisi 1,500 kwenda juu, na iwe ya wimbi safi la umeme (sine). Umeme ukikatika, mzunguko wa maji hauharibiki, pampu inazimika pamoja na kompyuta. Kinachopotea ni renda yako.

Kabla hujatuma hata shilingi, weka kipimajoto mezani unapokusudia kuiweka, saa tisa alasiri, AC ikiwa imezimwa, siku tatu mfululizo. Nitumie namba hizo pamoja na jina kamili la toleo la kadi, ili niangalie bloku kabla hujaagiza.

Wasalimie watoto na shemeji.

Wako,
Hamisi