Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Masi ya Galaksi Hafifu

Ndugu wanachama,

Mapato, matumizi na idadi ya wanachama vimo katika taarifa za mweka hazina na katibu. Mimi nitaeleza kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kuhakiki vipimo vya maada nyeusi (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu) katika galaksi hafifu zilizotawanyika.

Kanuni ni fupi. Pandisha mraba mtawanyiko wa kasi za nyota, yaani kiasi ambacho kasi hizo hutofautiana (kilomita kwa sekunde), zidisha kwa nusukipenyo chenye nusu ya nuru ya galaksi (kwa parseki; moja ni kama miaka-nuru 3.26), kisha kwa 930. Unapata masi ya sehemu ya ndani, kwa kipimo cha masi ya Jua. Mraba huo ndio wenye hatari. Dragonfly 44, iliyo katika kundi la galaksi la Coma, ilipewa mtawanyiko wa 47 mwaka 2016. Mwaka 2019 KCWI, spektrografu (kifaa cha kuchambua nuru kwa rangi zake) ya darubini za Keck, Hawaii, ikatoa 33. Masi ikapungua kwa nusu.

Kwa NGC1052-DF2, galaksi iliyodaiwa kukosa maada nyeusi, hali ni ngumu zaidi, kwani mtawanyiko wake ni kama 8.5 tu. Mtawanyiko husomwa kwenye upana wa mistari ya nuru ya galaksi, na kifaa nacho huitanua. Tuseme spektrografu yenyewe inatanua mistari kwa 25. Mtapima 26.4. Mkidhani upana wa kifaa ni 26, mtabaki na 4.6, na masi itakuwa chini ya theluthi ya ile halisi. Kosa la kilomita moja tu! Kwa hiyo msichukue upana huo kwenye kijitabu cha kifaa. Upimeni kwa mistari ya taa ya urekebishaji na ya mwanga wa anga, karibu na urefu wa wimbi mnaoutumia.

Kipimo cha kwanza cha galaksi hiyo, mwaka 2018, kilitegemea mafungunyota tufe 10 (makundi ya mviringo yenye nyota nyingi). Kwa sampuli ndogo hivyo, fungunyota moja lenye kasi ya pekee hubadilisha jibu.

Umbali wa galaksi hiyo nao una neno. Ukishushwa kutoka miaka-nuru milioni 65 hadi 42, masi hupungua kwa uwiano uleule, lakini mng'ao halisi hupungua kwa mraba wake, hivyo maada nyeusi huonekana kuongezeka. Picha za Hubble zilizotumia majitu mekundu (nyota kubwa nyekundu ambazo mng'ao wake unajulikana) ziliufikisha milioni 72 mwaka 2021, na kamati inaona hoja ya umbali mfupi imedhoofika sana.

Kuanzia sasa, kila masi itakayoingia kwenye jedwali letu iambatane na umbali, upana wa kifaa na idadi ya mafungunyota yaliyopimwa. Isiyo navyo itarudishwa kwa aliyeileta.

Mwenyekiti