Mjamzito mwenye sonona haachi sigara kwa kukemewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba wajawazito wanaovuta sigara hawana huruma na watoto walio tumboni, na kwamba wahudumu wa kliniki wawakemee hadharani ili wengine waone. Nimefanya kazi ya ukunga hapa Tanga hadi kustaafu, na kuhusu madhara sina ugomvi naye. Nikotini iliyomo katika tumbaku hubana mishipa ya damu, ikiwemo ile inayolisha kondo la nyuma. Moshi nao huleta kaboni monoksidi, hewa inayong'ang'ania chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya oksijeni iliyokuwa imfikie mtoto. Ndiyo maana mvutaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya kondo kuachia kabla ya wakati, kujifungua kabla ya wiki 37, kupata mtoto wa chini ya gramu 2,500, au mtoto kuzaliwa mfu. Ninachokipinga ni hiyo dawa ya kukemea, kwa sababu wengi wa wavutaji niliowahudumia walikuwa na ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyewauliza habari zake, nao ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa.

Kwetu mwambao mwanamke anayevuta hujificha. Wanawake wavutaji ni wachache sana kuliko wanaume, na uchache huo ndio unaowaponza, kwa kuwa kila mmoja hudhani yuko peke yake. Nawafahamu waliokuwa wakitoka nyuma ya nyumba usiku watu wakishalala, wakasukutua na kutafuna karafuu kabla ya kurudi ndani. Mchana mtoto hutumwa dukani akanunue sigara moja ya mjomba, ingawa sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Wengine hawashiki sigara kabisa, bali hunusa ugoro au hutia tumbaku katika tambuu, na wakiulizwa kama wanavuta hujibu kwa moyo mweupe kwamba hawavuti. Nikotini ni ileile.

Sasa mtazame mwanamke huyo siku ya kliniki. Amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, mama mkwe wake ubavuni; akifika mezani anapimwa uzito na shinikizo la damu, anatobolewa kidole kuangaliwa wekundu wa damu, kisha muuguzi, kalamu ikiwa juu ya kadi na macho yakiwa kwenye foleni, anamwuliza kwa sauti inayofika mlangoni, “Wewe huvuti sigara, eti?” Swali limekuja na jibu lake. Anasema havuti, kadi inafungwa, anaitwa anayefuata.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito hupata maradhi ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua kiwango hufikia asilimia 19.8. Mara nyingi wenyewe hawatamki neno huzuni. Mwanamke husema moyo unamwenda mbio, kichwa kizito, usingizi haupatikani, chakula hakipiti. Na nyumbani huambiwa ni mimba tu, au anadeka, au kuna mtu kamchezea. Kweli, mimba yenyewe huweza kuleta baadhi ya hayo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Lakini aliyepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili mfululizo, na anayejiona hana thamani, si mtu wa kuambiwa avumilie.

Mtu wa namna hiyo akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache na kuamsha dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta raha, naye akapata nafuu. Baada ya saa chache mwili unaidai tena, unamjaa hasira, wasiwasi na uzito wa moyo. Sigara inayofuata humwondolea dhiki iliyoletwa na sigara iliyotangulia, ila yeye huona imemwondolea huzuni yake. Akijaribu kuacha, siku za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na asiye na wa kumweleza kwamba hali hiyo hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne huamini kwamba bila sigara atarukwa na akili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulionyesha kinyume chake: walioacha walipungukiwa na sonona na wasiwasi kuliko walioendelea kuvuta, wakiwemo waliokuwa na maradhi ya akili tangu mwanzo.

Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa wajawazito wavutaji 257 katika makundi. Wapo waliopewa ushauri wa kuacha sigara pamoja na tiba ya mazungumzo iliyolenga sonona, na wapo waliopewa ushauri huo pamoja na elimu ya afya. Kwa jumla makundi hayo hayakupishana; lakini wale waliokuwa na dalili nyingi za sonona walinufaika zaidi walipopewa tiba iliyoigusa sonona yao. Kumfokea mtu wa kundi hilo ni kumwongezea sababu ya kuwasha nyingine.

Najua nitaulizwa wanasaikolojia watatoka wapi. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wasio na shahada yoyote ya maradhi ya akili, walifundishwa mbinu za tiba ya mazungumzo wakawatembelea kina mama wenye sonona kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Watoto walipofika miezi sita, asilimia 23 ya kina mama hao walikuwa bado na sonona, ilhali kwa waliotembelewa bila mbinu hizo walikuwa asilimia 53. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii sisi pia tunao, na mitaani bado kuna jambo wenzetu wa Pakistani hawakuwa nalo: binti aliyechezwa unyago ana somo yake, yaani kungwi wake, ambaye humwambia asiyothubutu kumwambia mamaye mzazi. Kwa nini mafunzo ya wilaya yasiwahusishe na hao?

Kliniki nazo zianze na yaliyo rahisi. Mama aitwe peke yake, aulizwe kuhusu sigara, ugoro na tumbaku ya kutafuna, tena kwa swali lenye milango mingi: je, anatumia kama zamani, amepunguza, au ameacha tangu ajue ana mimba? Hapohapo aulizwe kama kwa mwezi uliopita amekuwa na huzuni au kukata tamaa, na kama amepoteza hamu ya mambo. Akijibu ndiyo, lipo dodoso la Edinburgh la kupimia dalili za sonona, lenye maswali 10, linalotumika tangu mwaka 1987. Anayefikiria kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuachia sigara asijinunulie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 haupendekezi bupropioni wala vareniklini kwa wajawazito. Aliye katika dawa za sonona asiziache kimyakimya kwa kusikia ana mimba, azungumze kwanza na daktari.

Mume naye aitwe, kwa sababu mke hawezi kushinda hamu ya sigara ikiwa pakiti ya bwana iko juu ya kabati na moshi umejaa chumbani. Na maswali hayo yasikomee leba. Wengi walioacha wakati wa mimba hurudia baada ya kujifungua, wakati ambao sonona nayo huzidi. Mama huyo bado anakuja kupima uzito wa mtoto kila mwezi, na nafasi ya kumwuliza tena ipo palepale kwenye mizani.

Mkunga mstaafu,
Ngamiani, Tanga