Uyoga hauna dume wala jike

Mhariri,

Wapo wakulima wa uyoga wanaootesha spora moja (chembe ndogo ya uzazi ya uyoga), nyuzi zake zikatanda vizuri kwenye chupa ya mtama, kisha uyoga usitoke. Mara nyingi kosa si la mtama wala la unyevu: nyuzi za spora moja hazina mwenzi wa kupandana naye.

Uyoga mamama (oyster) una aina nyingi za kupandana, zinazoamuliwa na sehemu mbili za jeni, A na B. Nyuzi mbili huzaa pale tu zinapotofautiana katika sehemu zote mbili. Spora za uyoga mmoja ni za aina nne, kwa hiyo kila moja hupatana na robo tu ya ndugu zake. Zile za ukoo wa mbali hupatana karibu zote. Aina ngeni hupata mwenzi kila mahali, huenea, na ndiyo sababu aina huwa nyingi: Schizophyllum commune, uyoga mdogo wa kwenye magogo unaoliwa Kongo, hukadiriwa kuwa na aina za kupandana zaidi ya 23,000!

Mzalisha mbegu, yaani mtama uliotandwa na nyuzi, achukue kipande cha nyama ya ndani ya uyoga mbichi; tayari kina viini vya wazazi wawili. Akitumia spora, aoteshe nyingi pamoja, kisha atafute kwa hadubini vifundo vidogo pembeni mwa viungo vya nyuzi, dalili kwamba zimepandana. Visipoonekana, asigawe mbegu hiyo.

Msomaji,
Morogoro