Dogo asiuzwe kulipia wakongwe

Soweto, Mbeya
Jumatatu usiku

Ndugu yangu Lugano,

Ugonile? Shemeji na watoto hawajambo? Huku kwema, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Viazi vya mama vimefika salama, mwambie ndaga fijo. Mengine ya nyumbani nitayaandika siku nyingine, maana ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi: kwamba Jumamosi kamati inakaa kupitisha kumuuza yule dogo anayecheza upande wa kushoto kwa milioni 20, ili dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, mlete wachezaji wakongwe watatu na timu iingie nne bora ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Nakusihi, hilo lisipite kabla mtu hajaweka hesabu mezani. Wewe ndiye katibu wa klabu, daftari liko kwako.

Anza na pointi. Mmecheza mechi 15, mna pointi 21, na wa nne ana 27. Pengo la pointi sita linaonekana dogo, ndiyo maana Mwenyekiti analiita dogo. Lakini wa nne naye anatembea. Akiendelea na mwendo ule ule atamaliza na 54, kwa hiyo ninyi mnahitaji 33 katika mechi 15 zilizobaki. Hizo ni kushinda kumi, sare tatu na kupoteza mbili tu. Sasa fungua ratiba: mzunguko wa kwanza mlikuwa nyumbani mara nane, safari hii mara saba. Hata mkishinda zote saba za nyumbani mnapata 21, na zile 12 nyingine lazima zitoke ugenini. Ugenini mpaka sasa mmeshinda mara moja, mkatoka sare moja. Pointi nne katika mechi saba, Lugano! Na safari zilizobaki ni zile ndefu, za kulala ndani ya basi siku mbili na kushuka na miguu imevimba.

Halafu hiyo nafasi ya nne yenyewe haipandishi timu. Wawili wa juu wa Championship ndio wanaopanda moja kwa moja. Wa tatu na wa nne wanakutana nyumbani na ugenini, na mshindi anakwenda kumkabili aliyepoteza mchujo wa Ligi Kuu kati ya wa 13 na wa 14. Mechi nne juu ya 30 mlizokwishacheza, kwa kikosi chenye watu watatu waliovuka miaka 32. Sisemi mlango huo haupitiki. Mashujaa waliupita mwaka 2023, na walioangushwa ni Mbeya City, uwanja wa Sokoine hapa hapa Mbeya. Lakini tazama walivyorudi Mbeya City: misimu miwili kamili Championship, kisha wakapanda kwa nafasi ya pili, bila kusubiri mchujo wa mtu.

Najua Kocha Mkuu atataja msimu wa 2013/14, kwamba City hao hao walipanda na mwaka ule ule wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Ni kweli. Ila kikosi kile hakikujengwa kwa majina ya kununua dirisha dogo, vijana walikuwa wamezoeana. Na kilipoanza kung'olewa, mchezaji wao Kaseke akaenda Yanga mwaka 2015, na kocha Mwambusi mwenyewe akaenda huko huko kwenye benchi, kukijenga upya hakukuwa kazi ya msimu mmoja. Njombe Mji nao ni jirani zenu: walipanda wakacheza msimu wa 2017/18, wakashuka msimu huo huo. Kupanda ni jambo moja, kuwa na watu wa kubaki ni jambo jingine.

Turudi kwa dogo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Ile video uliyotuma nimeirudia mara nyingi. Mpira umekwama kwenye dimbwi karibu na kibendera cha kona, beki ameinua mkono akidhani umetoka. Dogo hakuupiga. Ameuchota kwa unyayo wa kushoto, ukatoka majini, ndipo akainua kichwa na kupiga krosi. Kwenye matope yetu wachezaji kumi wangeupiga palepale na kurusha maji tu. Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Mtoto kama huyo mnamuuza kwa bei ya haraka kwa sababu kamati ina haraka?

Na tatizo lenu wala si kufunga. Ulinitumia mabao 19 mliyofungwa, nimeyapanga: manane ni kona na faulo za pembeni. Wakongwe mnaowataka, wawili ni mastraika. Watazuia nini? Mabao yale yanafanana: nguzo ya karibu haina mtu, kipa amebaki kwenye mstari, na mpira ukipanguliwa mara ya kwanza hakuna anayesimama ukingoni mwa boksi kuupokea wa pili. Kiwanja kikiwa chepechepe mpira unateleza badala ya kudunda, na beki anayesubiri udunde anachelewa. Dawa ni beki mmoja wa kati anayejua kupanga wenzake, kwa mkopo au mkataba wa miezi sita tu, na dakika 20 za kona kila Alhamisi mpaka msimu uishe. Mmoja, Lugano.

Fedha sasa. Wakongwe watatu kwa milioni tano tano za usajili ni milioni 15. Mshahara laki saba kwa mwezi, miezi sita, watu watatu: milioni 12 na laki sita. Jumla milioni 27 na laki sita, bado nyumba na posho. Mkimuuza dogo kwa 20, pengo la milioni saba na laki sita linatoka wapi? Viingilio vya mvua hivi? Mkikwama mishahara ya miezi miwili, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuwaandikia notisi ya siku 15, na msipolipa anavunja mkataba na kuwadai. Mnabaki bila mkongwe, bila dogo, mna kesi, na timu yenye deni la mchezaji hufungiwa kusajili.

Ikiwa lazima auzwe, basi auzwe mwisho wa msimu, na mkataba wa mauzo uandikwe asilimia 20 ya mauzo yake yajayo. Msitegemee FIFA kwa uhamisho wa ndani ya nchi, fidia ya mafunzo ni ya mchezaji anayevuka mpaka. Akiuzwa nje siku moja, kuna asilimia tano ya ada inayogawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia ya ada kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16. Ninyi mnaye tangu ana miaka 14, mkifika mwisho wa msimu huu ni asilimia moja na nusu. Kwa ada ya dola 100,000 ni dola 1,500, jezi na mipira ya vijana kwa msimu mzima. Lakini inahesabiwa miaka aliyosajiliwa tu. Kama miaka ile ya kwanza alicheza bila kusajiliwa kwa jina lenu, imepotea, na wale wadogo zake 11 wa timu ya vijana nao wanaipoteza sasa hivi.

Ndiyo maana nina ombi: kesho chukua faili lake. Mkataba wake ni wa miaka mingapi? Aliye chini ya miaka 18 hafungwi zaidi ya mitatu, ukiandikwa mitano hao wanunuzi wa Dar watauchana mbele yenu. Mzazi alitia saini, au ni Kocha aliyesaini kwa niaba? Tarehe ya kuzaliwa inalingana na cheti? Na hiyo milioni 20 ni fedha taslimu au ni awamu? Mama yake ameambiwa, au atasikia dukani? Shule je, wamesema atamalizia wapi kidato cha nne? Na kwenye kamati, Mzee wa Bima atapiga kura upande gani? Ukimpata kabla ya Jumamosi mtakuwa wanne kati ya saba.

Nijibu hata usiku, simu haizimwi.

Wako,
Ambakisye